Meno ya Juu Kwanza

Ufalme wa Usambara, uliotawala milima ya Lushoto tangu karne ya 18, ulianza na jino lililokosea zamu. Ndivyo wanavyosimulia Wakilindi wenyewe. Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu, alizaliwa katika nyumba ya watu wenye mali na heshima. Mtoto hakuwa na kilema. Ila ulipofika wakati wa kuota meno, yalitangulia ya juu. Mtoto wa namna hiyo, huku kwetu Tanga, bara na pwani, aliitwa kigego, na kigego alikuwa mkosi: akiachwa akue, watakufa wenziwe. Wengi waliuawa wangali wachanga, wengine wakatolewa kwa watu wa mbali. Mbega aliachwa hai kwa kuwa wazazi wake walimpenda. Lakini wazazi walipofariki na urithi ukagawiwa, ndugu wakamkumbusha meno yake: kigego hana fungu.

Habari hii ninaitoa katika kitabu ambacho kila mpenzi wa nathari ya Kiswahili angepaswa kukisoma angalau mara moja, *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Wamisionari wa Kianglikana wa Magila, pale karibu na Muheza, walikichapa kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907, na mwaka 1962 kikatolewa upya Nairobi. Ni Kiswahili cha mtu aliyewajua Wakilindi kwa karibu, Kiswahili kinachotembea kwa miguu, hakina haraka. Na mwandishi halipiti suala la meno kama jambo dogo. Bila jino lile Mbega angerithi, angekaa kwao Ngulu, na historia ya Usambara ingekuwa nyingine kabisa. Kwa kunyimwa urithi akaingia porini na mbwa wake, akafika Kilindi, akamkimbia mauti pale mtoto wa mkubwa wa huko alipouawa na nguruwe katika mawindo, akapanda milimani, akawagawia Washambaa nyama, akaua simba, na mwisho wakampa Vugha aitawale.

Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, ameonyesha kwamba hadithi hii isisomwe kama orodha tu ya matukio. Mbega anaanza kama mtu wa hatari, mtu wa msituni asiye na ukoo, halafu anageuka kuwa mfalme anayelisha nchi. Mimi naongeza jambo moja dogo, la mtu aliyezaliwa Ngamiani na anayependa kusoma vitabu vya zamani akiwa na shida za leo kichwani. Naona kwamba watu wa mkoa huu wamekuwa na hofu na zamu ya meno kwa muda mrefu sana. Jino gani litangulie, lipi lifuate, nani ana ruhusa ya kuligusa na lini. Hofu hiyo haijaisha. Imebadili nguo tu.

Tuanze na maumbile yenyewe. Kwa kawaida mtoto huota meno mawili ya mbele ya chini kwanza, mara nyingi kati ya miezi 6 na 10, kisha ya juu yanafuata. Lakini wako watoto wazima kabisa wanaoanza na ya juu, leo kama zamani, na daktari wa watoto hatashtuka akiliona hilo. Hakuna ugonjwa hapo, hakuna mkosi. Kwa hiyo kanuni ya kigego ilikuwa kanuni ya zamu isiyo na sababu ndani ya jino lenyewe. Sababu ilikuwa nje yake: katika nyumba ambamo watoto walikufa sana na hakuna aliyejua kwa nini, watu walitafuta alama, na kinywa cha mtoto ni kitu ambacho mama anakitazama kila siku. Jino jeupe linalochomoza mahali pasipotarajiwa linaonekana mapema kuliko homa.

Isidhaniwe lakini kwamba kila kanuni ya wazee kuhusu meno ilikuwa ya hofu tupu. Tazama desturi ya kuchonga meno. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na makabila mengine mengi ya Afrika Mashariki, meno ya mbele yalichongwa kwa patasi ndogo au tupa, mengine yakawa na ncha, mengine yakatiwa pengo la umbo la pembetatu. Watu wa pwani waliwatambua wageni kwa alama hizo, kama walivyowatambua kwa chale za usoni. Wanaochongwa walikuwa ni vijana, meno ya utoto yakiwa yamekwisha kung'oka na ya ukubwani yamesimama. Hakuna aliyempeleka mtoto wa miaka mitano kuchongwa meno ambayo mwakani yatamtoka. Kuchonga ni kuondoa, na kilichoondolewa hakirudi. Hivyo lazima jino liwe limefika mwisho wa safari yake kwanza. Fundi wa patasi hakusoma chuo chochote cha meno, lakini hilo alilijua.

Hata tambuu ilikuwa na umri wake. Popoo, chokaa na tumbaku, vikikunjwa ndani ya jani, vilikuwa burudani ya watu wazima, na wekundu wa midomo ya bibi zetu ulikuwa wekundu wa watu waliokwisha kuolewa na kuzaa. Ukimwona msichana mdogo na mdomo mwekundu watu watauliza anakimbilia wapi.

Sasa niruke hadi miaka ya 1980, kwa sababu hapo hofu ya zamu ilirudi kwa jina jipya. Ndipo yalipovuma nchini Tanzania yale yaliyoitwa meno ya plastiki, wengine wakiyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha, akipata homa, akitapika, watu walimfungua kinywa, wakaona uvimbe mweupe kwenye ufizi pale yanapotarajiwa kuota machonge, wakasema: hilo ndilo linalomuua, ni jino la uongo, litolewe. Mganga alilichokoa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Alichotoa kilikuwa laini na cheupe, kweli kama plastiki, kwa kuwa ni jino ambalo halijakomaa. Lilikuwa chonge halisi lililokuwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Watoto walitoka damu, wakapata maambukizo, na wapo waliokufa. Waliopona wengi walikosa machonge ya utoto, na mara nyingine hata lile la ukubwani, linalolala jirani yake, likaharibika au likatoka limepinda.

Madaktari wa meno wa Tanzania waliliandika sana jambo hili katika miaka ya 1990. Nikisoma wanayoyaeleza namkumbuka Mbega. Ni kinywa kilekile cha mtoto na kifo kilekile kisichoelezeka, na mtu mzima yuleyule anayetafuta jino la kulaumu. Tofauti ni kwamba kigego alihukumiwa kwa jino lililotangulia, na mtoto wa nailoni akahukumiwa kwa jino ambalo halijafika bado.

Nina sababu ya kuyakusanya yote haya. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alilelewa Usa River, kule Arusha, baba yake alikokuwa akifanya kazi. Anayejua maji ya upande ule ameshakisia meno yake. Maji ya mteremko wa Meru yana floridi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini Tanzania, kwa shida ya maji vijijini, katika miaka ya 1970 ilijiwekea kipimo cha muda cha miligramu 8. Floridi ikizidi mwilini mwa mtoto huingia katika gamba la nje la jino wakati gamba hilo linapojengwa, ndani ya mfupa, jino likiwa bado halijaonekana. Ndiyo maana meno ya watu wa kule hutoka yakiwa tayari yana madoa meupe kama chaki au ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Msichana huyu hakuwahi kuvuta sigara wala kula tambuu, lakini tangu shule ya msingi watu walimwambia apige mswaki.

Juu ya rangi, meno yake ya mbele ya juu yamebanana, mawili yametokeza nje. Akahamia Tanga, akapata kazi, akapata mchumba. Harusi ikapangwa baada ya miezi minane. Akaenda mahali fulani katika jiji lingine, akaambiwa kazi hiyo ni ndogo: meno sita ya juu yatasagwa kidogo, yabandikwe vinia, ndani ya wiki mbili atakuwa na meno meupe yaliyonyooka kama shanga. Akaja kwangu na simu yake mkononi, picha za wasanii zimejaa.

"Mama mdogo, picha za harusi zinakaa milele."

"Na meno je?"

Akacheka kwa kuziba mdomo na kiganja, kama alivyozoea tangu mtoto.

Nilikwenda naye kwa daktari mwingine, mtu mzima mwenye subira, na siku ile nilijifunza mengi kuliko nilivyojifunza katika miaka yangu yote ya kuumwa na meno. Kabla ya kueleza aliyotuambia, nieleze vitu viwili vinatoka wapi, maana vina historia mbili tofauti na ndiyo chanzo cha kugongana kwao.

Kunyoosha meno ni ufundi wa subira. Pierre Fauchard, mganga wa meno wa Ufaransa, aliandika mwaka 1728 jinsi ya kuyafunga meno kwenye bamba la chuma lililopinda ili yavutike polepole. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Edward Angle akaufanya ufundi huo kuwa fani kamili yenye kanuni zake. Msingi wake haujabadilika: jino limeshikwa mfupani kwa nyuzi nyembamba sana, na likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa wa mbele yake hulegea na kuyeyuka, wa nyuma yake hujengeka upya. Jino linatembea ndani ya mfupa. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hakuna fedha itakayoufanya mfupa uharakishe.

Vinia zilizaliwa kwa haraka. Ni magamba membamba ya kaure au ya dawa ya kuzibia meno, yanayobandikwa mbele ya jino kama kucha ya bandia. Charles Pincus, daktari wa meno wa California, alianza kuwatengenezea waigizaji wa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1920. Na kumbuka jambo hili: zile za kwanza zilikuwa za muda. Zilishikizwa kwa gundi dhaifu, mwigizaji akimaliza kupigwa picha anazibandua, anakwenda kula chakula chake kwa meno yake. Tasnia ikabadilika pale Michael Buonocore alipoonyesha mwaka 1955 kwamba gamba la jino likipakwa tindikali kidogo hupata vinyweleo vya kushikia gundi. Ugunduzi huohuo mmoja ulizaa ndugu wawili: vile vishikizo vidogo vya waya vinavyobandikwa moja kwa moja kwenye jino, na, kufikia miaka ya 1980, vinia za kaure zisizobanduka. Urembo wa kupigia picha ukawa wa maisha, na mara nyingi jino husagwa kwanza ili gamba lipate nafasi.

Basi daktari akachukua kalamu, akachora meno sita nyuma ya karatasi ya risiti. Akamwuliza mpwa wangu: "Binti, ukitaka kupaka rangi nyumba ambayo ukuta wake umepinda, unaanza na nini?" Kisha akaeleza hatua kwa hatua, na mimi naandika hapa kama nilivyomwelewa.

Kwanza, ugonjwa. Jino lililotoboka lizibwe, ufizi unaotoka damu utibiwe, ukoga mgumu ukwanguliwe. Waya ukifungwa juu ya uchafu unakuwa zizi la uchafu, na kusukuma jino ambalo ufizi wake unaumwa ni kulisukuma litoke.

Pili, waya. Meno yapelekwe mahali pake kwanza, kwa sababu vinia ikibandikwa kwenye jino lililopinda, fundi hana budi kusaga zaidi upande uliotokeza ili uonekane umenyooka. Jino lililotokeza sana linaweza kusagwa hadi karibu na mshipa wake. Waya ungelirudisha nyuma bila kuondoa hata chembe. Tena aliyeanza na vinia akaja kutaka waya baadaye ana shida nyingine: vishikizo havishiki kwenye kaure kama vinavyoshika kwenye jino, na siku ya kuvitoa kaure inaweza kupasuka au kumeguka. Na jino likishasogea, ule ukingo wa gamba uliofichwa kwenye ufizi unaweza kujitokeza nje kama ukingo wa kitambaa kilichopungua.

Tatu, kungojea. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Waya ukitolewa, jino bado limelegea mfupani na ufizi umevimba kidogo. Unavaa riteina, kile kishikizo cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka, na unaacha miezi kadhaa ipite ufizi ukae mahali pake. Ukipima ukingo wa vinia kwenye ufizi uliovimba, utapima uongo.

Nne, kung'arisha. Dawa ya kung'arisha inafanya kazi kwenye jino, haifanyi kazi kwenye kaure wala kwenye kizibo. Kwa hiyo rangi ya jino itafutwe kwanza, kisha kilichobaki kifananishwe nayo. Kungarishwa wakati waya umo mdomoni si busara: palipofunikwa na kishikizo hapafikiwi na dawa, na siku ya kuvuliwa unabaki na vijisanduku vya rangi ya zamani katikati ya kila jino. Na baada ya kung'arisha, subiri tena kama wiki mbili kabla ya kubandika chochote, maana dawa hiyo huacha hewa ndani ya gamba la jino inayoidhoofisha gundi, na rangi yenyewe inakuwa haijatulia.

Mwisho kabisa, na ikiwa bado unahitaji, ndipo kuziba mapengo madogo, vinia, au kofia ya jino. Daktari alisema wengi wakifika hapa wanagundua hawahitaji tena nusu ya walichotaka mwanzoni. Na umbo la jino likishabadilika, riteina itengenezwe upya, kwa kuwa ile ya zamani ilipimwa kwa meno ya zamani.

Mpwa wangu alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo mdomoni. "Kwa hiyo harusi niahirishe?"

"Harusi haina kosa," akajibu. Akamweleza kwamba miezi minane haitoshi kumaliza, ila inatosha kutibu yaliyooza, kuanza waya, na kuyaona yale mawili yakirudi nyuma. Kwa madoa ya floridi kuna njia za kuyapunguza baadaye bila kulisaga jino zima. Na kuna vishikizo vya rangi ya jino ambavyo kwenye picha havionekani sana. Uamuzi akamwachia mwenyewe. Aliolewa na waya mdomoni. Ukumbini kulikuwa na shangazi wa upande wa bwana harusi aliyeuliza kwa sauti kama bibi harusi amevunjika taya, na kulikuwa na wasichana wanne waliomvuta pembeni kumwuliza bei.

Nilimwuliza daktari kama utaratibu wake haubadiliki kamwe, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Unabadilika, alisema, kila sababu inapobadilika. Jino la pembeni lililozaliwa dogo kama punje ya mchele linaweza kujengwa kwa dawa ya kuzibia kabla ya waya au katikati, ili mnyooshaji ajue nafasi ya kuliachia. Jino lililovunjika kwa ajali haliachwi miaka miwili likining'inia; linafunikwa kwa kitu cha muda. Kinyume chake, jino la kupandikizwa kwa skrubu mfupani lazima lisubiri, tena lisubiri na kijana amalize kukua, kwa kuwa skrubu haina zile nyuzi za kulisogeza. Mahali lilipowekwa ndipo litakapobaki huku mengine yakihama.

Hapo ndipo nilipouona mpaka kati ya zamu ya kigego na zamu ya daktari. Zamu ya kigego haikuulizwa swali. Ukiuliza kwa nini meno ya juu yaue watu, unajibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Zamu ya daktari ina kwa nini yake kila hatua, na kwa nini hiyo ni moja tu, ileile ya fundi wa patasi: jambo linaloweza kurudishwa litangulie, lisilorudishika lije mwisho. Waya unaweza kuvuliwa kesho. Dawa ya kung'arisha hufifia. Gamba la jino likishasagwa limekwenda; mwili hautengenezi jingine, na aliyewekewa vinia akiwa na miaka 25 ajue atazibadilisha zaidi ya mara moja kabla hajawa bibi.

Wahenga wa pwani walishalisema kwa maneno machache: jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hiyo hutumiwa kwa mambo ya ndoa na misiba, lakini mimi naisikia pia kama maneno ya watu waliokuwa wakifanya biashara ya pembe. Pangani ilikuwa bandari ya misafara, pembe za ndovu zikishuka kutoka bara, na meno ya viboko nayo yalikuwa bidhaa ya pwani hii. Ulaya na Marekani yalichongwa kuwa meno ya bandia; hata George Washington alikuwa na meno yaliyotengenezwa kwa sehemu kwa pembe ya kiboko, na hayakumpa raha. Watu waliokuwa wakiipima pembe kwa frasila walijua thamani yake sokoni, na bado wakasema si dawa ya pengo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya wanyooshaji havikutuuliza. Mwanya. Kwa wengi wetu hapa pwani, nafasi kati ya meno mawili ya mbele ni uzuri, na mwenye nao husifiwa. Katika mizani ya kliniki, nafasi hiyo ni kasoro ya kufungwa, na waya utaifunga bila kukuuliza usiposema mapema. Dada yangu ana mwanya, na binti yake alitamani kuupata kama mama yake. Meno yake yalivyobanana hakujua kama inawezekana. Daktari alishangaa kidogo, akaandika. Mpango wa meno ni mpango wa sura ya mtu, na anayepaswa kuzungumza kwanza ni mwenye sura, kabla kishikizo cha kwanza hakijabandikwa.

Najua pia kwamba ninazungumza juu ya jambo la wachache. Kwa wengi wa mkoa huu tiba ya jino bado ni moja, kung'oa, na waya ni gharama ya miezi mingi ya mshahara. Lakini ndiyo maana zamu ina uzito zaidi kwa asiye na kitu. Mwenye uwezo akikosea anarudia. Asiye na uwezo aliyekopa kikoba akasagwa meno sita ili apige picha, halafu yakaanza kumuuma baada ya miaka mitatu, atakwenda wapi? Ataishia kwenye kile kiti cha kung'olea, na pengo lake litakuwa la meno sita kwa mara moja.

Kwa hiyo ukiambiwa na yeyote kwamba kinywa chako kitatengenezwa ndani ya wiki mbili, mwombe akuandikie kwenye karatasi: nini kinaanza, nini kinafuata, kipi kinaweza kurudishwa na kipi hakirudi. Muulize na sababu ya kila hatua. Akikujibu kwamba ndivyo ilivyo, ujue jibu hilo lina umri mrefu katika nchi hii. Ndilo waliloambiwa wazazi wa Mbega.